Barabara Imefungwa kwa Mashindano

...na wala sikuiomba bendera hii, waliniletea wenyewe, Mzee Zablon balozi wetu ndiye aliyesema mpeni Zipora, Zipora hana mchezo na mtu, Zipora hata fahali anampisha njia, watu wakacheka pale kanisani na mimi nikacheka nao, nikanyoosha mkono nikapokea, kitambaa chekundu kwenye fimbo, na kizibao cha rangi ya chungwa kinachonuka jasho la mtu nisiyemjua, nikaja kusimama hapa ukingoni mwa korongo tangu jua halijawa kali, nilitaka kumwona uso tu, basi, nilisema moyoni nimwone uso Sostenes akipita, nione kama mwaka mmoja umemnenepesha au umemkondesha, na sasa, kabla hajafika, hiyo filimbi... hiyo hapo tena, huko juu, nyuma ya kilima, ndefu, halafu fupifupi, halafu ndefu, Mungu wangu, leo hii, saa hii, na huku kwetu mbingu nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. "Mama, hizo filimbi za nini?" ananiuliza huyu Bwana Masudi wa chama cha magari, amekaa kwenye kiti cha kukunja kivulini, simu yake ya upepo inakoroma mapajani, mtu wa pwani aliyehamia mjini, viatu vyeupe, nani anakuja korongoni na viatu vyeupe jamani, nikamwambia "Wachungaji tu hao, wanaitana," naye akasema "Aa, nao wanashangilia mashindano," akarudi kwenye simu yake, nikasema ndiyo, wanashangilia, na ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo. Haya. Nimeshasema. Wala si uongo wote, wachungaji ni wachungaji kweli, ila hawaitani, wanatuambia mvua imenyesha huko juu kwao na korongo linakuja, na mtu yeyote wa huku, hata mtoto anayejifunza kutembea, akisikia filimbi hiyo anatoka mchangani, kwa sababu maji ya korongo hayaji taratibu yakakubishia hodi, yanakuja yamesimama, rangi ya tope, yamebeba magogo na povu na mizoga, mchanga huu mkavu ambao ungeweza kuanika mtama juu yake, kufumba na kufumbua ni mto, nimeona lori zima likibinuliwa humu na dereva wake tukamwokota baada ya siku kadhaa bondeni kabisa, amejaa mchanga mdomoni. Filimbi ya kilima cha kwanza ikilia bado una nafasi ya kupanda na ndoo yako, ukakumbuka kata umeisahau, ukairudia. Ya kilima cha pili ikilia, kata unaiacha. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyofundisha. Na leo visima vya mchangani vimeachwa, watu wote wa huku na wa bondeni wako kule kwenye kona ya kanisa, wengine wamepanda juu ya mapaa ya tembe, pikapu ya chama cha magari imefungwa spika mbili kubwa zinapiga muziki mpaka madirisha ya kanisa yanatetemeka, hakuna sikio la Mgogo lililobaki huku chini isipokuwa hili langu, hakuna mtu humo korongoni, hakuna hata mbuzi, mchanga mtupu unang'aa, na anayekuja kuingia humo ni yeye. "Namba moja ameondoka," inasema simu ya upepo kwa sauti ya bata, "namba mbili ajiandae, namba mbili Sostenes ajiandae," na Bwana Masudi ananitazama, "Mama, bendera yako iko tayari?" Iko tayari, baba. "Unaikumbuka kazi yake? Ukiona ng'ombe, ukiona mtu, ukiona kitu chochote njiani, unaiinua juu, dereva anasimama palepale, hata awe anaongoza." Naikumbuka. Ng'ombe sioni, mtu sioni. Mimi ninasikia tu, na kusikia hukunielekeza.

Wanapaita Kisiwani hapa, jina la kuchekesha mbali hivi na bahari, ni mwalimu mmoja wa kutoka Mafia aliyetuachia, tulipohamishiwa hapa wakati wa operesheni ya vijiji alikwama nasi masika nzima, korongo mbele korongo nyuma, akasema hapa ni kisiwa kama kwetu, tofauti ni kwamba samaki hakuna, jina likaganda. Na kweli ni kisiwa. Mashine ya kusaga iko ng'ambo, chumvi ng'ambo, mafuta ya taa ng'ambo, zahanati ng'ambo, na zahanati yenyewe siku hizi ya kwenda na daftari lako na sindano yako, kalvati tumeahidiwa na chama kimoja mpaka vikawa vyama vingi, sasa kila chama kinatuahidi kalvati lake, tungekuwa na makalvati mpaka Manyoni. Kilichokuja ni malori ya Sostenes. Ruksa ya biashara imekuja, mjini kila mtu anajenga, mtaa wa Kikuyu unajengwa, Area C inajengwa, na mchanga wa kujengea uko wapi, uko kwetu, malori yake yanashuka humu asubuhi na jioni yanachota, visima vyetu vimekuwa virefu mpaka mwanamke anaingia mzima ndani kuchota kata moja, na ukingo umekuwa ukuta, njia ya kushukia imebaki hii moja ninayoilinda. Lakini si kwa mchanga ninamtaka Sostenes. Mchanga ningemsamehe. Mtu anatafuta riziki, sawa, achimbe, na sisi tutachimba. Ninamtaka kwa Edina. Edina mdogo wangu, wa mwisho kwa mama, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, ambaye mwaka jana siku ya mbio hizihizi tulimleta hapa juu ya kitanda, wanaume wanne, hapa, chini ya mgunga huu hapa nyuma yangu, mumewe yuko Mererani anachimbua mawe yanayong'aa, na Bibi Anyesi mkunga wetu alikuwa ameniita nje ya mlango akaniambia Zipora, mtoto amekaa vibaya, huyu si wangu, huyu ni wa hospitali. Siku zote barabara hii haikosi kitu, kama si lori la mkaa ni Landrova ya misheni, kama si Landrova ni malori yake yeye mwenyewe. Siku ile hakuna. Hakuna hata baiskeli. Tukakaa, tukakaa, akaja mtu kwa miguu akitokea Zuzu akatuambia, jamani msingoje, magari yote yamezuiwa kule, wameweka kamba na ubao, barabara imefungwa kwa mashindano. Imefungwa! Barabara! Mtu anafungaje barabara kama mlango wa choo chake! Wanaume wakainua kitanda tuende hivyohivyo kwa miguu, kila hatua Edina analia kwa uchungu, akasema nishusheni, dada, waambie wanishushe, tukamshusha tena palepale mgungani, nikamfunika blanketi jua lisimpige, nikasema magari ya mashindano nayo ni magari, yana viti, yana madereva waliozaliwa na wanawake, nikavua khanga yangu ya juu nikaingia barabarani. La kwanza likapita, vumbi. La pili, vumbi. Napunga, nalia, napiga yowe, vumbi. Halafu likaja lake, jina la duka lake ubavuni, SOSTENES kwa herufi kubwa kama nyumba, likaingia mchangani likalegea, likaanza kutambaa, nikasema asante Yesu, nikakimbia ubavuni mwake nikipunga khanga, Simama! Simama baba! nao mlio wa injini unanimeza sauti, dirisha liko wazi, akageuza uso. Akaniona. Nilimwona akiniona. Macho yetu yaligongana, na Sostenes akacheka, meno yote nje, akapiga honi pipi pipi, akainua mkono akanipungia, na kabla gari halijashika nguvu likatoka akanitupia kitu kupitia dirishani, nikadhani labda kamba, labda dawa, sijui nilidhani nini, nikakiokota, kofia. Kofia nyekundu yenye jina la duka lake. Mdogo wangu anakufa, na yeye anatutupia kofia. Nikarudi mgungani, Edina akafumbua macho, "Dada, wamesimama?" Nikamwambia wanageuza. Nikamwambia tulia mama, gari linageuza. Akatulia. Alitulia moja kwa moja, na mtoto wake tumboni, na sisi tumekaa pale tunafukuza nzi, na magari ya mashindano yanapita, na jioni kamba ilipofunguliwa kule Zuzu lori la kwanza kufika hapa lilikuwa la mchanga, la kwake, tupu, dereva akasema loo, poleni, twendeni niwapeleke. Awapeleke wapi?

Kaburini Mzee Zablon akanivuta pembeni, "Zipora, pengine hakuelewa yule. Twende mjini tukamwulize kiutu uzima." Nikamwambia Mzee, heshima yako iko palepale, lakini neno hilo usilirudie mbele yangu. Aelewe nini tena? Mwanamke kichwa wazi yuko katikati ya barabara anapiga yowe na wewe huelewi? Mgogo mwenzetu, kazaliwa hukuhuku, si mzungu kusema kapotea. Nikaenda mwenyewe, mchana kweupe, nikaingia dukani kwake, misumari, mabati, bawaba, amekaa nyuma ya kaunta anakunywa soda, akaniangalia usoni akasema "Karibu mama, nikusaidie nini?" Nikusaidie nini! Nikatoka. Mnafiki mkubwa, nikasema, amejifanya hanikumbuki. Na tangu siku ile nikiamka ninaye, nikitwanga ninaye, nikiwa kanisani padri anasema utusamehe makosa yetu mimi mdomo unafuata na moyo unasema isipokuwa Sostenes, nimemwua kwa kila namna mwanamke anayoweza kuwaza, nimemchoma na duka lake, nimemkatia breki, nimemwombea ugonjwa wa kuoza polepole, hata kwa mganga niliwaza kwenda nikaona aibu ya Ukristo wangu tu, na kumbe sikuhitaji mganga wala kiberiti, nilihitaji kunyamaza tu. Kunyamaza! Kazi nyepesi kuliko zote. Hakuna wa kunishtaki, nitasema sikusikia, muziki ulikuwa mkubwa, nani atabisha? Na yule msoma ramani anayekaa pembeni yake? Eh, yule... nani alimwambia apande gari la Sostenes. Hapana, yule naye ana mama yake. Edina naye alikuwa na nani? Alikuwa na mimi. Acha, Zipora. Usianze kuhesabu watu. Hilo linakuja, nalisikia, si lake, hili ni la kwanza, linanguruma kule kwenye kona, vumbi linapanda nyuma ya kanisa, watu wanapiga kelele, wanawake wanapunga khanga, vigelegele, na... ala, ni nini kile, Bibi Anyesi anakimbia? Mguu wake ule mbovu? Anakimbia kweli, ameingia barabarani, khanga mkononi anaipeperusha kichwani kwake, anaruka, mdomo wazi, ooo, mwanambuzi wake, yule mweupe, amejilaza katikati ya njia, na gari linakuja, Bibi toka! toka Bibi! gari likayumba, likampita yule mwanambuzi kwa uzi mwembamba, na dereva, kijana sijui wa Moshi sijui wa Arusha, simjui hanijui, ametoa mkono dirishani anampungia Bibi Anyesi, anampigia honi, pipi pipi, anacheka, meno yote nje, akateremka hapa kwangu kama mshale, akapasua mchanga, akapanda ng'ambo, kapotea. Amepita pakavu. Huyo bahati yake.

"Zipora mwanangu, umemwona?" Bibi Anyesi anateremka huku anachechemea, mwanambuzi kwapani analia mee, khanga imemwanguka mabegani, "umemwona mshenzi yule? Nampungia asimame, napiga yowe mpaka koo linakauka, ananiona kabisa, ananitazama machoni, ananichekea! Ananipigia honi! Hana mama yule? Hana haya?" Nikamjibu nimemwona, Bibi, nimemwona, pole, na maneno yake yanaingia masikioni mwangu yananijia kwa sauti yangu mimi, kwa maana ni yaleyale, nimeyasema msibani, nimeyasema kisimani, nimeyasema mpaka watu wakayachoka, ananiona kabisa, ananitazama machoni, ananichekea... na Bwana Masudi na viatu vyake vyeupe anacheka kidogo, kicheko cha heshima, "Shikamoo Bibi, usimkasirikie bwana, hajakudharau, alidhani unamshangilia. Mle ndani na kofia ngumu masikioni mtu hasikii kitu, anaona tu mama anapunga khanga, na wenzako mia kule juu nao wanapunga khanga, atajuaje ya kwako ni ya mbuzi?" Bibi Anyesi akamfyonza, "Ya shangwe na ya hatari ni moja? Hamna macho ninyi?" akageuka na mbuzi wake akapanda tena kwenye muziki, anasonya njia nzima. Atajuaje. Atajuaje ya kwako... hapana. Nyamaza wewe mtu wa pwani, hujui unalosema. Sostenes aliniona. Aliniona mimi, sawa, lakini aliniona nikifanya nini? Ninapunga khanga. Ninaruka. Mdomo wazi. Na kule kwenye kona, hata mwaka jana, wanawake walikuwa wanapunga, wanaruka, midomo wazi, amewapita wote hao tangu mjini, vijiji vyote, na kila anayempungia anampungia, na kila anayemkimbilia anamtupia kofia, kofia hizo wamezivaa watoto mpaka Bahi huko, wakijisifu kwamba walitupiwa kwa kuwa walishangilia sana... Ninageuka nyuma. Sitaki kugeuka lakini ninageuka, nautazama mgunga, matawi yake yamelala mpaka chini upande huu wa barabara, miiba na vichaka, na ukisimama njiani, hapa, palepale nilipokuwa nimesimama, kitanda ungekionea wapi? Kimo cha kitanda ni cha goti. Na blanketi nilimfunika mimi, la kahawia, rangi ya udongo. Hakuna mtu angeona kitu. Hata mimi ningepita.

Ee Mungu, usinifanyie hivi. Usinichukulie na huyu. Edina umemchukua, mtoto umemchukua, nilibakiwa na Sostenes tu, ndiye aliyekuwa ananiamsha asubuhi, ndiye aliyenifanya nile ili niwe na nguvu ya kumchukia, na sasa unataka kuniambia hata yeye sikuwa naye, kwamba pale dukani aliposema karibu mama nikusaidie nini alikuwa anamkaribisha mama asiyemjua, mteja, kwamba mwaka mzima nimelala na kuamka na mtu ambaye hajui hata kama nipo! Hajui! Anakunywa soda yake, analala na mke wake, anakarabati gari lake, na hakuna usiku hata mmoja aliogeuka kitandani kwa ajili ya Edina, si kwa roho ngumu, ni kwa sababu hakuna aliyemwambia, na nani alimzuia Mzee Zablon asimwambie... hiyo nyingine. Hiyo nyingine! Filimbi. Karibu. Hicho ni kilima cha pili, hicho hapo, ndefu, fupifupi, ndefu, na upepo umegeuka, umekuja na baridi yake na harufu ile ya udongo uliolowa, na simu ya upepo inapasuka, "Namba mbili ameondoka, namba mbili anakuja Kisiwani, ana kasi nzuri," na Bwana Masudi anatabasamu, "Wachungaji leo wamefurahi kweli," naye amekaa na kiti chake mahali ambapo maji yatafika kwanza. Sasa, Zipora. Sasa ni nini. Nikinyamaza yanamchukua, ninajua hivyo jinsi ninavyojua jina langu, akishaingia mchangani gari litalegea palepale lilipolegea mwaka jana, malori yake mwenyewe yamepalainisha, litatambaa, na maji yatamkuta anatambaa. Na halafu? Watamtoa bondeni. Watamzika kwa heshima, magari mengi, mashada, watasema alikuwa mtu wa watu, aliwapungia watu mkono, aliwatupia watoto kofia, na kila watakalosema litakuwa kweli! Atakufa mtu mwema! Atakwenda mbele ya Mungu mikono mitupu, hana hata chembe ya Edina juu yake, hata jina lake hatakuwa amelisikia, na mimi nitabaki huku na Edina wangu na yeye pia, wote wawili, niwabebe mpaka nizeeke, na yule msoma ramani wake wa tatu. Thubutu! Nikupumzishe wewe, Sostenes? Nikufunge macho kama nilivyomfunga Edina? Hupati. Kufa ni kwepesi, kifo nimekiona kwa macho, mtu anaambiwa gari linageuza na anatulia. Wewe hutatulia. Utapona wewe. Utazeeka wewe, ukiwa unajua.

Kule juu wameanza kupiga kelele, hilo ni lake, huo mlio ninaujua hata ningekuwa kaburini, wanawake wanapunga khanga zao kwenye kona, pungeni, pungeni tu, hajui kuzisoma, lakini hii yangu ataisoma, kwa sababu hii ni ya kwao, hii wameishona wenyewe mjini na wakaiwekea sheria, khanga ya mwanamke si kitu ila kitambaa chao chekundu mtu anakisimamia hata akiwa anaongoza, sawa, basi, nitampokea kwa kitambaa chao hichohicho. "Bwana Masudi, chukua kiti chako upande huku juu." "Kwa nini mama, kuna nini?" "Panda, baba, nimekwambia, na uwaambie kwenye hiyo simu waliobaki wasiondoke, korongo linakuja." Ananitazama mimi, anatazama mchanga mkavu, anatazama mbingu, "Lakini si ulisema wachungaji..." Nilisema. Panda. Ninaikunjua bendera, upepo wa mvua unaigonga fimboni, ninaingia katikati ya barabara, na vumbi lake lile, linateremka, bado sioni uso wake, sijui nitamkuta amenenepa au amekonda na wala haidhuru tena. Atafunga breki hapa mbele yangu, atatoa kichwa dirishani kwa hasira aniulize mama vipi, unaniharibia mashindano, na maji yatapita nyuma yangu yakinguruma, ataelewa, atashuka, atataka kunishukuru, atanishika mikono yote miwili, asante mama, asante mama yangu umeniokoa, nami nitamwacha amalize. Nitamwacha ashukuru mpaka achoke. Korongo likishajaa halivukiki mpaka kesho, mbele haendi na nyuma haendi, yumo kisiwani na sisi, nitamwambia kaa hapa mgungani kivulini, baba, kaa, na nitakaa karibu naye asihitaji kutega sikio, na nitaanza na jina lake, Edina.